Kona ya Mtaa wa Colby

Kwetu kisiwani Long Island mtu anayetembea kwa miguu hutazamwa kwa huruma. Watu hudhani gari lake limeharibika, au akili zake. Mimi nilikuwa natembea kila Jumamosi, nimevaa kizibao cha njano kinachong'aa, nasukuma gurudumu la kupimia umbali lenye mpini mrefu, na nilijiona bonge la msomi. Kizibao alininunulia mke wangu, Sheila. Alisema nikigongwa, dereva asije akapata kisingizio.

Jina langu ni Herb Kantrowitz. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa mwalimu wa udereva. Nilikaa kiti cha abiria, na breki yangu ya pili chini ya mguu, nikiwazuia watoto wa watu wasituue sote. Nimestaafu, lakini mguu haujastaafu. Sheila akiendesha, mimi nakanyaga sakafu ya gari mpaka zulia limetoboka. Huwaambia marafiki zake kwamba ameolewa na breki.

Nilichokuwa nikitafuta ni Barabara. Nitaiita hivyo tu, kwa herufi kubwa, kama tunavyofanya sisi wagonjwa wake. Zaidi ya karne moja iliyopita tajiri mmoja aliyechoshwa na farasi, kuku na polisi alijijengea barabara yake mwenyewe, ya magari peke yake, yenye madaraja ya kuruka njia za watu wengine, na aliyetaka kuingia alilipa langoni. Baadaye serikali ikajenga barabara za bure, na ile ya tajiri ikafa. Ardhi yake ikagawanywa, huku nguzo za umeme, kule shule, na kwingine kote nyumba zetu na nyasi zetu. Lakini haikufa yote. Ukijua kutazama utaona nguzo fupi ya zege yenye matundu nyuma ya banda la mtu, au uzio uliokwenda mshazari wakati nyua nyingine zote zimenyooka, au ukanda wa nyasi unaokauka kila kiangazi kwa sababu mizizi yake imekutana na zege. Mimi nilijua kutazama. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijisifu kwa yeyote aliyekosa pa kukimbilia.

Chama chetu cha historia kilikuwa kinatengeneza ramani kubwa ya kutundikwa ukutani kwenye maktaba. Barabara yote ilikuwa imeshachorwa, ila kipande kifupi nyuma ya Mtaa wa Colby. Mwenyekiti wetu, Eugene Prusak, mfamasia mstaafu ambaye hajawahi kukosea tangu azaliwe, alisema hapo ilinyooka. Mimi nilisema ilikata kona. Tuligombania kona hiyo kuliko watu wanavyogombania urithi. Alinipa mpaka majira ya kuchipua nilete ushahidi, la sivyo mstari ungechorwa kwa rula yake.

Basi nikawa nabisha hodi nyumba kwa nyumba. Na hapa niseme jambo lililonivimbisha kichwa: watu walinipokea vizuri ajabu. Nikitokea na kizibao na gurudumu, mwenye nyumba ananikaribisha jikoni, ananimiminia kahawa, ananikatia keki mara mbili. Nikiomba kuona uani, ghafla mbwa ni mkali, au nyasi zimepuliziwa dawa. Wiki ifuatayo nikipita naona baraza ya mbao iliyokuwa nyuma ya nyumba hiyo imetoweka. Sikujiuliza kwa nini. Nilimwambia Sheila kwamba watu wa mtaa wetu wana heshima kubwa kwa historia. Sheila akauliza kama leo ni keki ya mdalasini au ya tufaha.

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu nikafika nyumba ya Angie Bonfiglio, mwisho wa Colby. Mwanamke wa makamo, ana glavu za kuoshea vyombo mikononi. Alinitazama, akalitazama gurudumu, akaegemea mlango.

"Umefika," alisema.

"Nimefika," nikajibu kwa furaha. "Naomba kuona uani."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia, mama. Nimefuata uzio. Umekaa mshazari, unasema wenyewe."

Akaketi hapo hapo kwenye ngazi. "Nilijua tu uzio utaniponza. Lakini hakina muda mrefu, mzee. Mwaka wa tatu huu."

"Mwaka wa tatu? Kiko hapo zaidi ya miaka mia."

"Usinitanie, nakuomba." Akavua glavu moja, akajifuta macho. "Baba yangu anakaribia tisini. Ngazi hawezi. Ningemweka wapi? Kibali niliulizia, wakaniambia banda la gari haliwezi kugeuzwa chumba cha kulala. Nikajenga hivyo hivyo. Nitoze faini unayotaka, ila usinivunjie. Nipe hata mpaka Pasaka."

Nilisimama pale mdomo wazi, nikizihesabu keki zote nilizokula mtaani. Nusu ya baraza na vyumba vya kwetu vimejengwa bila kibali, na mkaguzi wa majengo wa halmashauri anaogopwa kuliko kifo, maana kifo hakitozi faini. Mzee mwenye kizibao cha njano, gurudumu la kupimia, anayechungulia nyua za watu. Hata mimi ningejipa keki.

Mtu mwenye haya angesema palepale, mama, mimi si mkaguzi, mimi ni mjinga mstaafu. Nilifungua mdomo niseme hivyo. Lakini kwa miaka miwili hakuna aliyewahi kunifungulia lango la nyuma, na yeye alikuwa ameshasimama, funguo mkononi. Nikasema, "Nionyeshe."

Banda la gari lilikuwa limegeuzwa chumba kizuri, chenye dirisha, mapazia na jiko dogo la umeme. Kitandani alikaa mzee Carmine, babake Angie, mwembamba, macho yamefunikwa na ukungu wa uzee, kofia ya kuendeshea gari kichwani. Kabla sijamsalimu, gurudumu langu lilinitoka mkononi, likavuka chumba peke yake, likagonga ukuta wa pili.

"Kila kitu hukimbilia huko," alisema mzee. "Vidonge vyangu, machungwa, hata kigari changu cha kutembelea. Nikiangusha kitu najua pa kukitafuta."

"Sakafu imeinama, najua," Angie akadakia. "Tuliikuta hivyo. Fundi alishindwa kuipasua."

Miguu miwili ya kitanda ilikuwa imewekewa vipande vya mbao ili mzee asibingirike usingizini. Nilipiga magoti, nikainua pembe ya zulia. Zege la zamani, lenye kokoto kubwa kama mayai ya njiwa. Na lilikuwa limeinama kwa ulaini na upole, upande mmoja tu, kama inavyoinamishwa barabara mahali penye kona, ili gari lenye mwendo lisirukie shambani. Nikatoka nje. Ubavuni mwa chumba, nguzo mbili za zege zenye matundu. Mzee alikuwa amepitisha bomba la chuma kwenye matundu hayo ajishikilie akienda kuota jua.

Sina haja ya kujipamba: nililia. Angie alidhani nalia kwa ukubwa wa kosa lake.

"Ni vibaya hivyo?" aliuliza.

"Hili lazima watu walione," nikasema, na nikapiga picha, chumba na mapazia na bomba, vyote ndani.

Aliniwekea biringanya zilizookwa kwa jibini ndani ya bakuli, nami nikapokea. Nilipokea. Hata sikufika kona ya mtaa kabla sijampigia Eugene. "Nimeipata," nikamwambia. "Imekata kona. Jumatano naleta picha." Akakata simu bila kuaga, nami nikalifaidi hilo mpaka nyumbani.

Sheila alipasha biringanya, akala, nami nikamsimulia yote, nikicheka kidogo kwenye sehemu ya mkaguzi. Akaweka uma chini.

"Herb. Mtaa mzima unakuita Mkaguzi. Mwaka wa pili sasa."

"Ulijua? Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha," alisema. "Na keki zilikuwa nzuri, sitakudanganya. Mtu akivunja baraza yake kwa woga, shauri yake, atajenga nyingine. Lakini huyu ana baba mle ndani. Yaani umeuona uso wa yule mama, ukapokea biringanya?"

"Kesho asubuhi nitakwenda nimweleze."

"Leo. Sasa hivi. Na hiyo picha usimwoneshe mtu." Akanitupia funguo za gari. "Maisha yako yote unakanyaga breki za watu wengine. Hebu kanyaga ya kwako."

Nilifika jua linaelekea kuzama, na nikakuta wamenitangulia. Kitanda kilikuwa nje kwenye nyasi. Mapazia yametolewa. Shemeji yake Angie, jitu moja linaloitwa Vic, alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa dirisha na nyundo kubwa, na pembe moja ya ukuta ilikuwa tayari imeng'oka. Angie alikuwa kwenye simu na nyumba ya wazee huko upande wa pili wa kisiwa, anauliza kama wanampokea mtu Jumapili. Na mzee Carmine alikuwa amekaa kwenye kiti katikati ya uwanja, amevaa koti, sanduku magotini, kama abiria anayesubiri basi asilolitaka.

"Ni yule mtu wa gurudumu?" aliuliza aliposikia hatua zangu. "Mwanangu, mwambie tunafanya haraka."

Nilivua kizibao changu, nikakikunja, nikakishika mbele yangu kama kofia ya mtu aliyekuja msibani. Nikawaambia. Mimi si mkaguzi. Sikuwahi kuwa. Natafuta barabara ya zamani, na nilipogundua wamenidhania vingine nilinyamaza, kwa sababu nilitaka kuona sakafu.

Angie aliweka simu chini polepole.

"Ulitaka kuona sakafu."

"Ndiyo, mama."

"Nimemwambia baba yangu afunge sanduku, kwa sababu wewe ulitaka kuona sakafu." Alinisogelea mpaka nikanusa sabuni ya vyombo. "Unajua amefunga nini mle? Picha ya mama yangu na viatu. Basi. Kasema vingine tumpe mtu. Wewe una watoto?"

"Sina."

"Afadhali yao."

"Kwa hiyo nipige, nisipige?" aliuliza Vic, nyundo ikiwa bado juu.

"Shusha hiyo nyundo, Vic, kabla sijaibadilishia kazi," alisema Angie, macho yake hayajanitoka. Maneno aliyonimwagia baada ya hapo nilistahili yote, na mengine yalikuwa ya Kiitaliano, kwa hiyo nilistahili hata nisiyoyaelewa. Alikuwa hajamaliza mzee alipoinua mkono.

"Barabara gani?" aliuliza.

Angie akageuka. "Baba, achana naye."

"Mimi nimeendesha gari la mikate miaka arobaini. Nauliza barabara gani."

Nikamweleza. Nilichuchumaa kwenye nyasi karibu na kiti chake nikamweleza juu ya tajiri, na madaraja, na malango, na magari ya wazi yenye wanawake waliofunga vitambaa ili nywele zisipeperuke, na jinsi yalivyofika hapa yakainama kufuata kona. Alisikiliza mikono ikiwa juu ya sanduku.

"Kwa hiyo nalala katikati ya barabara ya matajiri."

"Upande wa kushoto kidogo."

"Na wao walilipa kuingia."

"Walilipa."

"Mimi silipi," alisema mzee Carmine, na akaanza kucheka, kicheko cha chini chini kilichomtikisa mpaka sanduku likaanguka. "Vic, rudisha kitanda changu."

Tulikirudisha, mimi na Vic. Niliweka vile vipande vya mbao chini ya miguu kwa mikono yangu mwenyewe. Ukuta Vic aliuziba kwa ubao, akiapa kila msumari. Angie alisimama mlangoni mpaka tukamaliza.

"Ile picha," alisema.

Niliifuta mbele ya macho yake. Aliichukua simu akahakikisha.

"Na hiyo ramani yenu? Ukichora barabara inapita hapa watu watakuja. Watachungulia. Kama wewe."

Nilikuwa sijafikiria hilo, au nilikuwa nimelifikiria nikaliruka. Miaka miwili ya kutafuta. Nikamwambia Barabara haipiti hapa. Ilinichoma kulitamka hilo, sitasema uongo.

Jumatano nilimwambia Eugene kwamba nilichokiona ni kitako cha birika la kuogea ndege. Alinipigapiga bega kwa upole, na upole wa Eugene unauma kuliko matusi yake. Akachukua rula.

Ramani ikazinduliwa mwezi wa tano. Maktaba ilijaa, kwa sababu kulikuwa na biskuti za bure. Hata bwana mmoja wa halmashauri alikuwa amekaa safu ya mbele na sahani yake. Pale Colby mstari mwekundu ulipita umenyooka kama umepigiwa uzi. Eugene alikuwa anaeleza jinsi wahandisi wa kale walivyopenda kunyoosha, mlango ukafunguka, akaingia mzee Carmine na kigari chake na kofia yake, Angie nyuma yake akimvuta mkono wa koti. Mzee alikwenda mpaka kwenye ramani, akaikaribia mpaka pua ikaigusa, akafuata mstari kwa kidole.

"Hii ina makosa," alisema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuuza mikate mtaani. "Hapa kuna kona. Inapita chumbani kwangu."

Ukumbi ukageuka. Angie alikuwa mweupe kama karatasi.

"Chumbani kwako?" alisema Eugene. "Chumba gani, mzee wangu?"

Yule bwana wa halmashauri aliacha kutafuna. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye meza ya kahawa. Mbele yangu alikuwepo mtu mmoja tu katika ukumbi ule aliyekuwa akisema kweli, na kweli yenyewe ilikuwa ya kwangu, niliyoitafuta, niliyoilia. Ningesema neno moja tu, Eugene angemeza rula yake.

"Msimlaumu mzee," nikasema. "Ni mimi niliyemjaza maneno. Nilipita kwake nikaona kitako cha birika la ndege, nikamwambia ni Barabara. Mnanijua. Kila zege nikiliona naliita Barabara. Sheila hapa nilimwambia inapita jikoni kwetu."

"Na bafuni," alisema Sheila, bila kuinua macho kwenye biskuti yake.

Watu wakacheka. Walicheka kwa raha, walicheka kwa keki zote walizonipa bure, na bwana wa halmashauri akacheka na kurudi kwenye sahani yake. Nilibaki nimesimama, nimeumbuka kama nilivyostahili. Mzee Carmine alinigeuzia yale macho yake ya ukungu akayaacha hapo muda mrefu. Kisha akazungusha kigari chake, akatoka. Angie alipopita kwangu alinishika kiwiko, mara moja tu, akaenda zake.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda, bila kizibao, na keki niliyoinunua mwenyewe. Angie alinifungulia lango. Ndani, mzee alikuwa ameketi kwenye kiti kinachotazama ukuta, na kando yake kiti cha pili kitupu.

"Uliniita mwongo mbele ya watu," alisema.

"Nilijiita mimi mjinga."

"Hilo walikuwa wanalijua." Akagonga kile kiti kwa mkono. "Kaa. Ulisema ulikuwa mwalimu wa udereva?"

"Ndiyo."

"Mimi walininyang'anya leseni kwa ajili ya macho haya. Kaa hapo kwa abiria."

Nikakaa. Akakivuta kigari chake mbele yake, akakamata mipini yote miwili, akakaa sawa, kofia mbele. Sakafu ilituinamisha sote wawili upande mmoja, na nikahisi zege lile chini ya soli za viatu. Akaanza kunguruma kwa koo, taratibu, kisha akaongeza mwendo, bega lake likanigusa.

"Unakwenda kasi, mzee," nikamwambia. "Punguza. Kuna kona."

"Kona gani?" alisema Carmine. "Ramani ya maktaba inasema imenyooka."

Mguu wangu ulikuwa umeshakanyaga breki.